Goti la Uongo

Mtaani walimwita Afande. Jeshi lilimvua magwanda, lakini mtaa ulikataa kumvua jina. Asubuhi akipita kwenda dukani utasikia, "Afande, habari za kazi?" naye anajibu "Njema" kama mtu mwenye kazi. Jina lile ndilo lililomchoma kuliko yote yaliyompata.

Na yaliyompata aliyataka mwenyewe, tusimwonee huruma mapema. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na dereva hodari, hilo hata waliomfukuza hawakulikana. Kikosini kwao kulikuwa na desturi moja. Kila asubuhi kabla msafara haujaondoka, madereva walisimama mstari mbele ya magari, na sajenti akapita akimtazama kila mmoja machoni. "Uko sawa?" Anayesema ndiyo anapewa ufunguo. Anayesema hapana, awe na homa, usingizi au msiba, anakaa kando siku hiyo na hakuna wa kumcheka. Asubuhi moja Afande alisema ndiyo huku bangi ya usiku ingali kichwani. Alikuwa amevuta na wenzake nyuma ya ghala, na haikuwa mara ya kwanza. Sajenti alisita, akamnusa, akampeleka kupimwa. Mkojo hauna undugu na mtu.

"Kwa bangi peke yake labda ningekutetea," sajenti alimwambia siku anarudisha sare. "Lakini uliniambia ndiyo, na nyuma ya lori wamekaa watoto wa watu. Hiyo siwezi."

Nyumbani alimweleza mama yake yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuficha. Mama alilia siku hiyo. Alikuwa mtu wa kumsifia mwanawe kila alipokwenda kusukwa nywele, mpaka wasusi wakawa wanajua ratiba ya kambi. Sasa akawa anasuka nywele zake mwenyewe kwa kioo, na nyuma zinatoka upande.

Kazi ikawa kitendawili. Kwenye kampuni ya ulinzi, mkuu wa walinzi alisoma cheti chake cha jeshi mpaka kwenye maneno "utovu wa nidhamu", akakikunja na kumrudishia kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa. Kwenye mabasi waliuliza aliachaje jeshi akiwa kijana hivi, alipojibu wakasema watampigia simu. Simu yenyewe unaijua, ni ile isiyolia. Askari mwenye umri wake ambaye hakuvuta alikuwa amepanda cheo. Yeye alikuwa akimenya vitunguu jikoni kwa mama.

Ndipo Mjomba, kaka yake mama, akaja na mpango. Alikuwa fundi mkuu kwenye yadi ya malori ya gesi, na kama mafundi wengi aliamini kila kitu kinafungika ukipata spana yake.

"Nimeshazungumza na bosi," alisema akivuta kiti. "Nimemwambia uliacha jeshi kwa sababu uliumia goti."

"Goti gani, mjomba?"

"La kushoto. Goti ni jeraha la heshima."

"Lakini sijaumia."

"Basi umia. Kesho uje unachechemea."

Mama akaacha kuosha vyombo. "Kaka, mtoto anaomba udereva au anaomba sadaka?"

"Dada, niachie mimi. Nimeweka jina langu pale."

Mama akarudi kwenye vyombo. Jina la Mjomba kwenye yadi ile lilikuwa zito.

Basi kesho yake Afande akaingia yadini akichechemea. Mwenye malori alikuwa mwanamke mnene wa sauti ndogo ambaye wote walimwita Mama Mitungi, kwa kuwa alianza kwa kusukuma mitungi ya gesi kwa mkokoteni nyumba hadi nyumba. Alimtazama kijana akivuka uwanja. Mlangoni kijana alichechemea mguu wa kushoto, na kufika kwenye kiti ulikuwa umekuwa wa kulia.

"Goti linakusumbua?"

"Kidogo tu, mama."

"Klachi haijui kidogo," alisema Mama Mitungi, wala hakusema kwa ubaya. "Lori limejaa gesi, uko kwenye mteremko wa sokoni, goti likukatalie. Nitazika mtaa mzima, mwanangu. Nakuheshimu, uliumia kwa ajili yetu sote. Usukani siwezi kukupa. Nikupe geti, utakuwa unakaa."

Akili za Mjomba hizo. Amemtafutia dereva ugonjwa wa kumnyima usukani.

Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi, akimkonyeza kwa nguvu zote: chukua, chukua. Na geti halikuwa kitu cha kudharau. Lilikuwa na mshahara na kofia, na mama angerudi kwa wasusi. Ila angelilipia kwa kuchechemea kila siku ya Mungu, na mwanamke huyu angekuwa akimheshimu kwa kitu ambacho hakikutokea. Afande aliona tena mstari wa madereva, na sajenti akimtazama machoni. Akasimama wima kwa miguu yote miwili.

"Mama, goti langu ni zima. Nilifukuzwa jeshini. Nilivuta bangi usiku, asubuhi nikasema niko sawa ili nipewe ufunguo."

Mjomba akagundua kamba ya kiatu chake inataka kufungwa, akainama na hakuinuka upesi.

"Bado unavuta?" Mama Mitungi aliuliza.

"Sijavuta tangu siku ile."

"Kila mtu husema hivyo."

"Hata mimi nimewahi kusema hivyo nikidanganya. Kwa hiyo usiamini mdomo wangu. Nipeleke nipimwe, leo na siku yoyote utakayotaka. Halafu kila asubuhi niulize kabla hujanipa ufunguo." Akamweleza ile desturi ya kikosini. Alipomaliza alijua huenda ameikosa hata kofia ya geti, lakini moyo wake ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi.

Mama Mitungi aligeuka mlangoni. "Fundi, inuka. Mpwa wako ana magoti mazuri. Ulimi wako ndio unaochechemea."

Hakumpa lori. Alimpeleka kupimwa, akampa ndoo na brashi, na Afande akaosha malori na kupakia mitungi mpaka mabega yakazoea. Akampima tena bila kumwambia siku. Na desturi ile akaichukua yote: kila asubuhi madereva mstarini, yeye mbele na funguo. Madereva wakanung'unika kwamba jeshi limewahamia. Siku mmoja wao aliposema hapana kwa sababu alikuwa amekesha na mtoto mgonjwa, akaachwa alale kwenye magunia, manung'uniko yakaisha.

Hatimaye Afande akaambiwa, kesho lori ni lako. Njia yake ilipita mbele ya kwao. Mama akautangazia mtaa mzima, akatoa viti nje, akavaa gauni la sherehe.

Usiku huo jino likamvamia Afande. Akameza dawa, na alfajiri maumivu yalikuwa yamepoa lakini kope zilikuwa nzito. Akanawa uso mara mbili, akaenda mstarini.

"Uko sawa?" Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Mama Mitungi, karibu kabisa na wake.

Akilini alimwona mama yake kwenye kiti chake nje ya nyumba. Akajiambia kwamba angeweza kuendesha, ameshaendesha akiwa na hali mbaya zaidi. Kisha akakumbuka kwamba maneno hayohayo ndiyo aliyojiambia asubuhi ile nyingine.

"Hapana, bosi. Nimekunywa dawa ya jino, nina usingizi."

Mama Mitungi akasogea kwa anayefuata, akampa ufunguo. "Wewe kaa kando ya dereva," alimwambia Afande. "Kesho nitakuuliza tena."

Lori lilipopita kwao, mama alisimama akipiga makofi, akamtafuta mwanawe kwenye usukani. Akamwona kwenye dirisha la upande wa pili. Makofi yakaisha, na majirani wakatazama viatu vyao.

Jioni alimkuta mama amekaa palepale nje, na gauni lake la sherehe.

"Wamekunyang'anya tena?"

"Hapana, mama. Bosi aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia siko sawa."

Mama alilitazama shavu lake lililovimba. Swali lile alilijua, alisimuliwa siku ile ya kulia.

"Ukasema hapana," alisema. "Na ufunguo uko mbele yako."

"Ndiyo."

Mama akainuka, akafunga kitambaa kichwani kuficha zile nywele za upande, akavuka barabara kwenda kwa wasusi kuwasimulia jinsi mwanawe leo alivyokataa kuendesha gari.