Miguu ya Baba Kasuba Kwenye Foleni

Siku ya kumi na tisa tangu mumewe alazwe, Mama Kasuba alikuwa akimpangusa miguu katika wodi ya wagonjwa mahututi pale Ndola, akagundua kuwa vidole vya mkono wake mmoja vinalizunguka shavu la mguu na nafasi inabaki. Mumewe, fundi wa reli, alimtazama tu. Mpira wa kupumulia ulikuwa kooni.

“Sista, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja lini?”

“Hapandi huku juu, mama. Anahudumia chini, wanaoshuka wenyewe, kila Jumanne.”

Daktari naye akasema mwenye mpira kooni hashuki.

“Na asiponyooshwa?”

“Wiki mbili zaidi, hatasimama tena,” alisema daktari, akaenda kitanda cha pili.

Jumanne miguu ilishuka yenyewe. Ilijichomoa chini ya shuka, ikapita ngazini kwa kuwa lifti ilikufa tangu Pasaka, ikakaa kwenye benchi la foleni ya mtaalamu. “Sogeeni, miguu ipate nafasi,” alisema polisi mmoja aliyefungwa bendeji shingoni. Huko juu sista aliandika kwenye faili: miguu imetoka saa kumi na mbili na nusu. Akakunja shuka baridi isiingie.

Karani wa foleni aliirudisha. Alitaka kadi yenye sahihi ya daktari, na mtu mzima wa kuishika.

Sahihi ilichukua wiki nzima. Jumanne ya pili, foleni ilipokaribia, Mama Kasuba aliitwa juu kumgeuza mumewe, maana masista walikuwa wawili kwa vitanda kumi. Kwa haraka hiyo akamkabidhi kadi mama yake mzazi, Bibi Mumbi, aliyekuwa ameleta uji kutoka Luanshya.

Bibi Mumbi akakaa. Papo hapo miguu ikainuka, ikarudi kinyumenyume, ikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji nje, ikageukia ukuta. Ndoa ilikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini sherehe ya kumkaribisha mkwe ale na mama mkwe wake ilikuwa bado haijafanywa, na kabla yake mkwe hakai karibu na mama mkwe; Baba Kasuba alilelewa vizuri.

“Miguu iko wapi?” aliuliza karani.

“Nje. Inanistahi.”

“Anayefuata!”

Mama Kasuba aliposhuka alikuta benchi tupu.

“Mama, si ungekaa mbali!”

“Nilisogea, mwanangu. Nayo ikasogea.”

Mama Kasuba alicheka, halafu akalia kwa hasira, mbele za watu, bila kujificha. Alichoka kuomba kitu ambacho kila mtu alikubali kuwa ni cha lazima.

Jumanne ya tatu alishika kadi mwenyewe. Miguu ilishuka ngazi tatu, ikakaa. Alingoja. Aliisemesha kwa upole, akaikanda magoti, akaitania kwamba mama mkwe amebaki Luanshya. Haikuinuka. Basi akaifunga kwenye kitenge, akaibeba kifuani hadi chini. Ilikuwa miepesi kuliko ndoo ya maji nusu.

Namba yao ilipoitwa, karani alitazama juu ya miwani.

“Imeshuka yenyewe?”

“Ngazi tatu.”

“Basi hiyo ni ya kitandani. Irudishe juu, ihudumiwe huko.”

“Na nani?”

“Na mtaalamu.”

“Si mlisema hapandi?”

“Hapandi,” alikubali karani, akaita namba inayofuata.