Maziwa ya Hester

Hester Pruett alifungua vifungo vya gauni kwa vidole vilivyokufa ganzi, pingu zikimgongagonga mikononi. Sitaha ya meli ya wafungwa ilikuwa imeganda barafu, na mto Thames ulinuka matope. Begani kwake alilala Kezia, bintiye, ambaye hajatimiza miaka miwili.

"Bado ananyonya?" daktari wa meli aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amekagua wanawake tangu alfajiri na miguu ilimuuma.

"Ananyonya, bwana. Hajui kitu kingine."

Amri ilikuwa fupi: mtoto anayenyonya huenda Australia na mama yake, aliyeachishwa hubaki Uingereza, akalelewa na parokia, kanisa la mtaa lililotunza maskini. Hester aliwajua watoto wa parokia, na aliwahi kuona wanavyozikwa. Ndiyo maana gerezani hakumwachisha Kezia hata titi lilipochubuka likatoa damu.

"Huyo atakunyonya mpaka aolewe, shoga," Dorcas Flinn, mfungwa mwenzake, alikuwa akimtania kule gerezani, huku akimmiminia nusu ya uji wake ili maziwa yasikauke.

Na yote haya kwa sababu ya shuka. Mtaani kwao, Jumatatu mpangaji alipeleka shuka ya mwenye nyumba kwa mkopeshaji wa rehani ili apate pesa ya chakula. Jumamosi, ujira ukitoka, aliikomboa akaitandika tena. Kila mpangaji aliishi hivyo, na Bibi Tuffnell mwenye nyumba alijua vizuri kabisa. Ila wiki ile Hester alishikwa na homa, Jumamosi ikampita, na Bibi Tuffnell alishapata mpangaji wa kulipa zaidi. Mahakamani aliapa kwamba ameibiwa. Hakimu akatoa miaka saba ng'ambo ya bahari.

"Kamua tuone," daktari alisema.

Hester alikamua. Mabaharia walikuwa wamesimama wakitazama, na upepo ulimpiga kifua kilichokuwa wazi. Hakikutoka kitu. Akakamua tena kwa nguvu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Jana yalikuwapo, bwana. Ni baridi tu. Mwache anyonye mwenyewe, utaona."

Daktari alichukua biskuti ngumu kwenye kapu la mpishi, akamnyooshea mtoto.

 Tangu jana mchana Hester hakuwa amemlisha Kezia chochote, makusudi, ili mbele ya daktari alivamie titi kwa pupa. Kezia aliamka, akaiona biskuti, akaikamata kwa mikono miwili. Akaing'ata. Ilivunjika kwa mlio uliosikika sitaha nzima.

"Mh! Huyu anatafuna kunishinda mimi," daktari alisema, na mabaharia wakaangua kicheko. Kezia alipoona watu wanacheka, naye akacheka, makombo yakimtoka mdomoni. "Huyu anabaki. Mwingine!"

"Bwana, nilimnyima chakula! Ana njaa tu, bwana!"

"Basi parokia itamlisha vizuri kuliko wewe."

Mtu wa parokia alimshusha Kezia kwenye mashua. Hakulia. Alikuwa bado anashughulika na biskuti yake.

Hester aliteremshwa chini walikofungiwa wanawake, akavalishwa gauni jipya la serikali. Alikaa ubaoni. Dorcas alikaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Muda si mrefu kitoto kichanga cha mfungwa mwingine kikaanza kulia kwa njaa. Hester alihisi kifua kikimchoma, kikimjaa, na kabla hajajua nini kinatokea gauni lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Aliruka akagonga mlango wa juu kwa pingu zake.

"Daktari! Yametoka! Njooni muone! Mrudisheni, yametoka!"

Mlinzi alifungua, akainama, akatazama lile doa.

"Wewe mwanamke, gauni hilo ni mali ya Mfalme," alisema. "Ukiliharibu utashtakiwa."

Akafunga. Kile kitoto kiliendelea kulia, na maziwa yaliendelea kutoka.