Kurasa Arobaini na Moja

Tovuti ya duka la Mzee Habiyaremye, katika mtaa wa Nyakabanda, ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na zote zilikuwa na kichwa kimoja: "Karibuni sana, wateja wapendwa." Duka lilishona na kukodisha mishanana, vazi la Kinyarwanda la harusi, lakini neno hilo halikuwamo katika kichwa hata kimoja. Aliyetafuta vazi hilo mtandaoni alionyeshwa maduka ya wengine.

Gaju, aliyesomea Kampala na kuajiriwa kuisimamia tovuti, aliviandika vichwa vyote upya bila kuomba ruhusa. Asubuhi akaitwa.

"Umefuta salamu," mzee alisema. "Mgeni anakuja kwangu, hasalimiwi?"

"Hajaingia bado, mzee. Yuko barabarani anasoma vibao, na chako hakisemi unauza nini."

"Ndivyo mlivyofundishwa huko Kampala?"

"Kampala tulisalimiana mpaka chai ikapoa. Salamu yako ipo, nimeiweka mstari wa kwanza ndani ya ukurasa."

"Irudishe juu leo, au utafute kazi kwingine."

Gaju alichukua karatasi, akaandika nenosiri la tovuti kwa herufi kubwa, akaisukuma mbele ya mzee.

"Rudisha mwenyewe, kurasa zote arobaini na moja. Mimi sirudishi hata mmoja."

Mzee alivaa miwani, akalisoma nenosiri. Gaju hakusubiri. Alirudi kwenye kompyuta yake na kuanza kuandika maelezo ya picha, kwa sababu picha mia mbili za mishanana zilikuwa bado hazina hata jina.