Chipu ya Marehemu Dwight

Verlin Stroup aliifuta chipu ya marehemu Dwight kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mwaka mzima na nusu hakumwambia mtu.

Dwight Hostetter, enzi za ujana wake, alitunga programu fupi ya kuziamsha kompyuta za ubao mmoja zilizotengenezwa hapo hapo Lima, Ohio. Bila programu hiyo, kompyuta hizo ni takataka tu. Kiwanda kilikufa, Dwight akafa, na nakala iliyojulikana ikabaki moja, ndani ya chipu yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa kipande cha karatasi ili mwanga usiingie ukaifuta. Mkewe Arlene alipowaletea chipu hiyo wazee wa klabu ya kompyuta za zamani, wote walitaka Verlin ndiye ainakili, maana ana mkono mtulivu. Naye Verlin, mtu mzima na akili zake, akaiweka mezani karibu na chipu kuukuu alizotaka kuzifuta ili zitumike tena. Gundi ya zamani ikaachia, karatasi ikadondoka, akazizoa zote akazitia chini ya taa ya kufutia. Dakika ishirini tu. Alipokuja kuisoma, haikuwa na kitu.

Angesema siku ile, yangekwisha. Lakini haya zilimfunga mdomo. Akawaambia wenzake kwamba chipu ilimfikia ikiwa imeshafutika. Labda mwanga, alisema, labda uzee. Wakamwamini. Gus Petrakis, mwenyekiti, akaanza kuwaandikia watu waliowahi kufanya kazi kiwandani, kutoka Toledo hadi Arizona, akiulizia nakala nyingine, na Verlin huyo huyo akimsaidia kubandika stempu.

Mwezi wa Aprili Arlene akaja na bahasha nene. Alikuwa amekuta darini kurasa za programu ile, Dwight aliziandika kwa penseli, zimefifia, akakaa nazo majira yote ya baridi na kioo cha kukuzia, akizipiga chapa upya, nambari elfu mbili na ushei, tarakimu na herufi zikichanganyika. Katika klabu ile nambari haziingii kwenye chipu kabla watu wawili hawajazihakiki, mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akifuatilia kwa kidole, kwa sababu moja tu ikikosewa, kompyuta haiamki. Arlene akasema anamtaka Verlin.

Wakakaa kwenye meza ya pembeni, ukumbini chini ya kanisa, na kahawa yao. Verlin alisoma, Arlene alifuatilia. Ukurasa wa nne Arlene akasimamisha kidole.

"Ile chipu nilikuwa naiweka dirishani jikoni, unajua. Nilipenda kuiona nikiosha vyombo. Uliposema mwanga, nikajua ni mimi niliyeiua."

Uso wa Verlin ukawaka. Kukosea alikuwa ameshakuzoea. Hili la mjane kubeba kosa lake hakuwa amelifikiria hata siku moja, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Siyo wewe, Arlene. Ilinifikia nzima, na karatasi yake juu. Mimi ndiye niliyeitia kwenye taa, kwa uzembe wangu. Halafu nikadanganya."

Gus, aliyekuwa akilehemu kwenye meza ya jirani, akaweka chuma chini. Verlin alisubiri atukanwe, angefurahi kutukanwa.

"Pazia la jikoni sijalifungua tangu siku ile," Arlene akasema. "Naosha vyombo gizani kama mwizi."

"Nisamehe."

"Sijui, Verlin. Usiniulize leo." Akarudisha kidole kwenye mstari. "Soma. Tumefika A tisa."

Akasoma. Mara kwa mara alisimama, na kila aliposimama Arlene alimngoja bila kumtazama, mpaka nambari ya mwisho.

Alasiri ile nambari zikatiwa kwenye chipu mpya, na kompyuta zote tano za klabu zikaamka. Arlene alimshika mkono kila mzee, akimshukuru kwa jina lake. Alipomfikia Verlin, alimpita, akachukua koti lake.