Senene wa Haji

Senene walikuwa bado wanarukaruka ndani ya gunia, na vidole vya muuzaji vilikwenda mbio kuwang'oa mabawa na miguu. Rukiah alisimama mbele yake katikati ya soko la Nateete, akasahau kabisa kwamba yeye, kaka yake na wifi yake walikuja kununua viazi. Kazi ile aliijua. Utotoni, kila msimu wa senene ulipofika, yeye na mama yake walikaa uani wakinyonyoa mpaka vidole vikawauma, kisha wakakaanga, wakawaandalia wanaume. Wao wenyewe hawakuonja hata mmoja. Mwanamke akila senene, waliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa cha panzi.

Haya. Rukiah sasa ana miaka sitini na mbili, ameishi Uswidi miaka thelathini, amezaa watatu wenye vichwa vizuri tu, na uzazi wenyewe umeshamuaga zamani. Amekuja likizo ya wiki tatu. Nani wa kumtisha kwa panzi?

Aliomba kikombe kimoja cha waliokwisha kukaangwa.

"Wa nani hao?" aliuliza kaka yake, Haji Kasule, aliyekuwa nyuma yake pamoja na mkewe, Nakayiza.

"Wangu, Kaka."

Haji alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Alipoona dada yake hacheki, alimvuta pembeni. Akamkumbusha kwamba nyumba ya Bukoto anamolala ni ya marehemu baba yao, kwamba mrithi ni yeye Haji, na kwamba alichokikataza baba hakitafanywa na binti yake mbele ya soko zima. Ulaya ni Ulaya, hapa ni nyumbani. Alisema yote hayo kwa upole, na upole ule ndio uliomkera Rukiah kuliko maneno yenyewe, maana kwa upole huohuo alinyamazishwa tangu akiwa na miaka sita.

"Ukiwala," Haji alimalizia, "usirudi kulala pale."

Machozi yalimlengalenga Rukiah. Katika nyumba ile kilikuwamo chumba cha mama yake, na kila majira ya baridi kule ugenini alikiota. Hakutaka kukikosa hata usiku mmoja.

"Basi nitatafuta hoteli," alisema. "Nimekuja likizo, Kaka. Sikuja kuomba ruhusa."

Akatia mmoja kinywani, halafu watatu kwa mpigo. Mafuta yalimtoka pembeni ya mdomo, naye hakuyafuta. Utamu ule ulimtia hasira upya. Kumbe hiki ndicho walichonyimwa, yeye na mama yake, miaka yote ile!

Nakayiza aliweka kikapu chini, akapita mbele ya mumewe, akamnyooshea wifi yake kiganja.

"Nakayiza," Haji aliita.

"Miaka arobaini nakukaangia, Haji," alisema Nakayiza bila kugeuka. "Chumvi nakisia tu."

Rukiah alimmiminia. Nakayiza alitafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Wanataka kitunguu zaidi," alisema Nakayiza, akanyoosha kiganja tena.