Mkia wa Kondoo Aliopewa Mtasema

Paulina alikuwa na mkwe, na mkwe alikuwa na tumbo, na tumbo ndilo lililotangulia kushuka garini kila alipokuja Bahi kutoka mjini. Jina lake Jordan, mume wa binti yake Anitha. Sasa kwa Wagogo wa zamani, mama mkwe na mkwewe hawasemeshani uso kwa uso. Humtaji jina. Akipita huku, wewe pita kule. Adabu hiyo Paulina aliishika tangu harusi, ingawa, Mungu amsamehe, mara nyingi ilimwasha kooni kama pilipili.

Krismasi hii Jordan alikuja na kondoo mzima kwenye buti. Kondoo mwenyewe wa mkia mnene, mafuta matupu, unatingishika kama mama mtu mzima anayewahi kanisani. Akachinjwa, watu wakala wakalamba vidole. Ndipo mkwe akamwona Mtasema, mbwa wa nyumbani, aliyepewa jina hilo ili majirani wajibiwe bila kutukanwa.

"Baba," akamwambia Matonya, mume wa Paulina, "huyu ni mbwa au tenga tupu? Mbavu zote nje! Wa kwangu mjini anakula soseji."

"Huyu anafukuza fisi. Wa kwako anafukuza nini?"

"Wa kwangu analala."

"Basi soseji zinamfaa."

Jordan akacheka tu. Aliyeshiba ana masikio ya mapambo. Akachukua nusu ya ule mkia, akamtupia mbwa, akaongeza ngozi za kuku na mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Paulina aliona yote akiwa jikoni. Kusema hawezi. Akamgeukia mbuzi aliyefungwa mlangoni.

"Wewe mbuzi, umeona? Mbwa wa ukoko wa ugali leo anaandaliwa kama mbunge! Watu wengine wakivimba wao wanataka dunia nzima ivimbe."

Mbuzi akatafuna. Jordan akajifanya hakusikia, nayo ni adabu.

Kesho yake Mtasema hakutoka na mbuzi. Alitapika, akatapika tena, mpaka likabaki povu la njano. Akainamisha kifua chini, makalio juu, kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Ukimgusa tumbo analia. Fisi walikuwa wametoka kuingia zizi la jirani, na mbuzi zake hazina mlinzi mwingine ila mbwa huyu.

"Kapewa sumu!" Jordan akatangaza. "Vijijini mna wivu sana. Si yule Adamu jirani anayelalamika mbwa anakula mayai yake?"

"Adamu yuko Zuzu kwa mwanawe tangu juzi," akasema Matonya. "Sumu kaituma kwa upepo?"

Anitha akampigia simu bwana mifugo, akaweka sauti kubwa, wote wakasikia: mbwa asipewe kitu mdomoni, hasa chenye mafuta. Huenda kongosho limevimba kwa sababu ya hayo ya jana. Anakuja na pikipiki.

"Kongosho!" Jordan akasonya. "Mbwa anakula mizoga, leo mafuta yamshinde? Sumu inakatwa kwa maziwa na mafuta, mtoto mdogo anajua."

Akayeyusha ule mkia uliobaki, akachanganya na maziwa kikombeni, akamshika Mtasema taya.

Paulina akaangalia mbuzi. Akaangalia chungu. Akamwangalia mumewe, aliyekuwa anakuna kichwa tu. Hakuna wa kumsemea.

"Jordan! Weka chini hicho kikombe!"

Kikombe kikamponyoka, maziwa yakanywewa na vumbi.

"Mama Anitha," Matonya akanong'ona, "umemtaja mkweo jina, tena kwa kumfokea. Hiyo faini. Kuku wa kuomba radhi."

"Neno moja kuku mmoja?"

"Kuku mmoja."

"Na maneno mia?"

Matonya akafikiri. "Faini ni ya kufungua mdomo. Kuku ni yule yule."

"Anitha, kamata tetea mweupe, mpe mumeo. Na wewe Jordan mwanangu, kaa kwenye kigoda."

Mkwe akakaa, kuku kwapani.

"Umekuja hapa ukacheka mbavu za mbwa. Mbavu hizo zinakimbia! Umemlisha mafuta ambayo hajawahi kuyanusa, tumbo likamkata, ukamsingizia jirani. Daktari kasema, ukamsonya. Ukitaka kuonyesha una kitu, nunua bati, zizi linavuja."

Alisema mpaka pikipiki ikaingia uani. Bwana mifugo akambonyeza mbwa tumbo, akamchoma sindano, akamtundikia dripu kwenye tawi, akasema kama alivyosema kwenye simu: ni mafuta. Wengine hufa, akasema. Huyu mmemwahi.

Siku za dripu zizi lililindwa na Jordan mwenyewe, na viatu vyake vya kung'aa, na rungu la Matonya. Fisi hakuja. Labda alimwona akadhani ni kondoo mwingine.

Mtasema alipoanza kulamba wali laini na nyama ya kuchemsha, mkwe ndiye aliyemwandalia. Akasimama mlangoni na bakuli.

"Mama," akamwita, macho chini, "hii nyama ina kamafuta pembeni. Nitoe?"

"Toa."

Akatoa. Akakapeleka kinywani mwake.

"Na wewe pia," akasema Paulina, akilitazama lile tumbo. "Temea huko."