Chupa ya Tisa Imegeuka Nyeusi

Chupa ya tisa ilikuwa nyeusi. Niliinyanyua mbele ya dirisha la labo ya chuo, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Matope mekundu ya kisima cha Kimemi, mtaani kwetu, yalikuwa yamegeuka kama masizi ya sufuria, na nilipofungua kifuniko, harufu ya yai bovu ikanipiga usoni. Nikacheka peke yangu. Sijawahi kufurahia uvundo namna ile.

Gérard, assistant aliyesimamia utafiti wangu, alikuja mbio.

“Falonne, hawa vidudu bako hai. Hii chupa umeifanya nini?”

Sikuwa nimeifanya kitu.

Kisima ni chetu. Miaka ishirini baba yangu, fundi Siméon, aliosha vyuma vya malori kwa dawa kali ya kutoa mafuta, akamwaga iliyobaki nyuma ya garaji. Hakujua. Nani angejua? Dawa ile ina klorini ndani yake, na ilizama polepole mpaka maji yakaanza kunukia utamu. Familia thelathini zilizokuwa zikichota pale sasa zilishuka bondeni na mabidon, madumu ya maji. Mbusa, chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akatupa wiki sita: asipoona dalili kwamba maji yanaweza kupona, atakizika kisima kwa simenti na kufunga garaji.

Sasa, kuna vidudu matopeni vinavyoing'oa klorini hiyo kidogo kidogo. Ila vina madaha ya bibi arusi. Hewa ikiingia, vinagoma. Udongo ukiwa na asidi, vinagoma. Njaa ikiviuma, ndiyo kabisa. Nilianika chupa tupu nyumbani, nikazijaza labo mpaka juu hewa isibaki, nikatia majivu kuua asidi, nikatia sukari. Weusi ndio ungekuwa dalili kwamba viko hai; wiki tano, chupa nane, zote nyekundu. Nilikuwa nimeanza kuvichukia.

Nikajiuliza wiki ile ya chupa ya tisa nini kilibadilika nyumbani. Kimoja tu: mama hakuwepo. Alikuwa mji wa Oicha kwenye arusi.

Aliposhuka kwenye pikipiki nilimkamata mlangoni, hata karibu sikumpa.

“Mama, chupa zangu tupu nikizianika inje, unazigusaka?”

“Ninazisafishaka mpaka ndani na Javel, kila asubui.” Alisema kwa fahari. “Matope ya ile kisima iko muchafu, mutoto wangu.”

Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kwenda. Wakati wa Ebola mama Kanyere alimpoteza dada yake kule mjini Beni, na tangu siku hiyo aliosha kila kitu kwa Javel, klorini ya kusafishia inayoua kila kidudu: mikono yetu, viti, noti za pesa, hata jalada la Biblia. Sote sita tulipona. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba usafi wake umeua?

Nilimwambia. Alikaa kwenye kizingiti na mizigo yake.

“Donc, kumbe njo mimi niliua,” akasema.

Jumatatu Mbusa alifika na mifuko ya simenti. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, chupa mkononi. Mama akanitangulia.

“Chef, kosa haiko ya Falonne. Njo mimi niliua ile vidudu, juu ya woga. Utupatie mpaka Pasaka. Kama maji hayiponi, simenti nitakubebea mimi mwenyewe.”

Mbusa akainusa chupa, akakunja uso, akacheka bila kutaka. Mifuko ikarudi ilikotoka.

Huu ni mwaka wa pili. Sumu imeshuka chini ya nusu. Bado hatunywi, lakini garaji inafanya kazi na kisima hakijazikwa. Mimi lakini nikikumbuka, nakumbuka Jumanne ile, siku moja baada ya simenti kurudi. Gérard alisema kisima kizima hakilishwi kwa vijiko vya sukari. Tushushe chini kabisa, kwa bomba, machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yawe chakula cha vidudu. Mama ni shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Tangu azaliwe hakuwa amekanyaga nyumba ya pombe. Alivaa kitenge chake cha ibada, akachukua mabidon mawili, akaingia mchana kweupe. Wanywaji wote wakaficha vikombe vyao.

“Unipatie machicha yote,” akamwambia mwenye pombe. “Niko na bengi ba kulisha.”